Barua ya Mgeni Kwenye Kibuyu cha Koko

Kwetu Olmotonyi bibi anaitwa koko. Koko wangu alikuwa na vibuyu vitano vya maziwa, lakini kimoja hakikuwahi kutiwa maziwa tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Kilining'inia peke yake kwenye msumari juu ya kitanda, kifuniko chake cha ngozi kimeshonewa shanga za bluu na nyeupe, na ndani yake kulikuwa na barua.

Watoto wa wenzetu walitishiwa mazimwi. Sisi tulitishiwa barua. "Ukichezea hicho kibuyu nitamwambia mgeni," Koko alikuwa akisema, na sisi tulijua mgeni ni nani. Mgeni alikuwa kiongozi wa nchi, wa ile miaka ya mwanzo kabisa ya uhuru, aliyefika kwetu akiwa ziarani, akanywa maziwa ya Koko, akaenda zake, kisha akaandika.

Habari yenyewe Koko aliisimulia bila kubadilisha hata neno. Alikuwa ameolewa mwaka huo huo. Babu alikuwa msimamizi wa mfereji, yaani ndiye aliyepanga zamu: nani anafungulia maji shambani kwake leo, nani kesho, na nani anatozwa mbuzi kwa kuiba maji ya mwenzake. Mfereji wetu unatoka juu kwenye korongo, ndani ya msitu, na ulichimbwa kwa mikono na wazee ambao hata Babu hakuwaona. Mgeni alipanda mpaka huko kwa miguu, wenzake wa ziara wakihema nyuma, viatu vya mjini vimejaa tope. Akakuta wanaume wanazibua mfereji baada ya mvua. Akavua koti akaomba jembe. Koko anasema alichimba vibaya, kama mtu ambaye kazi yake ni nyingine, ila hakuacha mpaka alipoambiwa inatosha. Ndipo Babu akamwagiza mkewe maziwa. Koko akaja mbio na kibuyu, na kwa hofu akasahau kikombe. Mgeni akanywa hivyo hivyo, mdomo kwenye kibuyu.

"Akajifuta na nini?" tulikuwa tukimuuliza, ingawa tulijua.

"Na kiganja," anasema Koko. "Kama mtu."

Alipoondoka, Babu alianza kuwaza. Wenye shamba kubwa la chini walikuwa wanayataka yale maji, na kwa nini asimwambie mtu ambaye amelishika jembe la mfereji kwa mkono wake mwenyewe? Babu hakujua kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Akaenda kwa mwinjilisti wa usharika, akamweleza kwa Kimaa, mwinjilisti akaandika kwa Kiswahili. Miezi ikapita. Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Halafu siku moja gari la chuo cha misitu likaleta bahasha.

Mwinjilisti aliisoma Jumapili baada ya ibada, watu wote wamesimama nje ya kanisa, akitafsiri kwa Kimaa kadiri anavyosoma. Koko aliyashika maneno yale palepale na hakuyaachia tena. Kwamba mgeni ameipata barua ya Babu akiwa bado njiani, mkoa mwingine kabisa. Kwamba anashukuru. Na mwishoni, hapo Koko alikuwa akinyoosha kidole, mwishoni kabisa, kwa mkono wake mwenyewe na si kwa mashine, mgeni ameongeza kwamba anayakumbuka maziwa, na kwamba maji ya mfereji ni ya waliouchimba na watoto wao.

Barua ikaingia kwenye kibuyu alichonywea. Babu alifariki. Mwinjilisti alihamishwa, naye akafariki huko huko. Mama yangu alipojua kusoma aliomba aione, akakataliwa.

"Imeshasomwa," Koko alimwambia. "Unataka isomwe mara ngapi?"

Sasa nieleze jambo la moshi. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachukua kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, unakichoma mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua huku na huku, halafu unakung'uta majivu. Maziwa yakitiwa humo yananukia vizuri na hayaharibiki haraka. Koko aliona kinachotunza maziwa kitatunza na karatasi. Kila mwezi ulipoandama, asubuhi akishakamua, alitoa barua, akakifukiza kibuyu, akairudisha barua moshi ukiwa bado umejaa, akafunika upesi na kukandamiza ngozi kwa kiganja. "Mdudu hali kitu chenye moshi," alisema. Na kweli. Biblia ya Babu ililiwa na mchwa kuanzia Mwanzo mpaka Zaburi. Barua haikuguswa.

Mimi nilikua namsaidia. Kazi yangu ilikuwa kupuliza kijiti.

* * *

Shule niliishia kidato cha pili. Siyo kwamba sikupenda, mambo tu yalikaa vibaya. Lakini mimi ni mtu wa kuota. Nilitafuta kazi inayokaa karibu na maandishi, nikaipata Ngarenaro, kwenye kaduka ka steshenari kati ya fundi wa kuchomelea na muuza vipuri vya pikipiki. Natoa kopi, naprinti, naweka vyeti kwenye plastiki. Na zaidi ya yote, naandika barua za watu. Mtu anakuja na shida yake mdomoni, anaisema ovyo ovyo, anarudi nyuma, anakasirika, mwingine analia. Mimi naigeuza iwe barua. Mimi ndiye najua pa kuweka "Yah", na mimi ndiye namwandikia kila mmoja wao "husika na kichwa cha habari hapo juu".

Kazini nilikuwa nawaza sana ile ziara. Sikumuwaza sana mgeni, nilimuwaza mpiga chapa wake. Lazima alikuwepo mtu, nilisema, amekaa kiti cha nyuma cha Landrova, mashine kwenye magoti, vumbi linaingia kwenye herufi, wanatoka Singida wanakwenda Tabora na yeye anajibu barua ya mzee mmoja wa Olmotonyi. Mimi sijavuka Moshi. Nilikuwa najiweka kwenye kile kiti. Niliona mito nisiyoijua jina. Mteja anaita, "Dada, kopi mbili," nami ndio kwanza navuka Rufiji.

Basi mama akanipigia simu. Mama anaishi Lemara, amepanga chumba kimoja, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu anayeongea huku amejishika kiuno.

"Wanafunga mifereji," akasema.

"Nani?"

"Watu wa maji. Wanaleta bomba. Wamesema maji yanapotea sana kwenye mifereji ya wazi, yatakwenda kwenye tangi, kutoka tangi ndio yagawiwe."

"Si vizuri? Koko atapata bomba."

"Tangi liko chini ya nyumba ya Koko," mama akasema. "Maji yatapandaje?"

Nyumba ya Koko ni ya pili kutoka juu. Ya kwanza ilishahamwa. Zamu yake ya mfereji ilikuwa Alhamisi, asubuhi mpaka saa sita, na kwa hizo saa chache aliishi wiki nzima: migomba, maharage, mboga kidogo, ng'ombe mmoja na ndama wake. Mfereji ukifungwa hakuna cha kuishi nacho pale. Mama alikuwa ameshaamua. Koko atauza ng'ombe, atakuja Lemara, watalala kitanda kimoja.

"Lakini tuna barua," nikasema.

"Haya," mama akasema. "Mnayo."

Nilipanda Olmotonyi Jumamosi nikiwa na furaha, nisiseme uongo. Nilijiona kama nimezaliwa kwa ajili ya siku ile. Nani mwingine ukoo mzima anafanya kazi ya karatasi? Nilimkuta Koko anasafisha mdomo wa mfereji wake, anatoa majani, anapanga bonge la nyasi na kipande cha mgomba analozibia.

"Takwenya," nikamwamkia.

"Iko," akaitika. "Umekuja kwa ajili ya kibuyu."

Alikuwa ameshakitoa kwenye msumari. Aliniruhusu niichukue barua kwa siku tatu, kabla ya mkutano wa kijiji wa Jumatano kuhusu bomba, na masharti yalikuwa marefu. Nisiikunjue ndani ya gari. Nisile nikiwa nimeishika. Nisimwachie mama, maana mama anapenda kuweka vitu chini ya godoro. "Na uangalie chini," akaniambia, "alipoandika mkono wake. Hapo ndipo pa kuwaonyesha."

* * *

Bosi wangu ni mama wa Kichaga, mtu wa kusema kabla ya kukaa. Niliikunjua barua juu ya kioo cha skana, akachungulia.

"We dada, hii ni barua au nyama ya kukausha?"

Ilikuwa ya kahawia yote, kahawia nzito kama chai ya rangi iliyolala. Kwenye mikunjo ilikuwa nyeusi. Harufu yake ilijaza duka, moshi na maziwa ya zamani. Kwa macho hukuona kitu ila vivuli vya mistari. Nikaiskani, nikaanza kuchezea mwanga kwenye kompyuta, napunguza giza, naongeza, napunguza. Na herufi zikaanza kupanda. Nilipiga kelele. Fundi wa kuchomelea akaingia na miwani yake usoni kuuliza nani ameumia.

Juu kulia palikuwa na maneno kwamba imeandikwa safarini. Halafu Ndugu, halafu jina la Babu, jina lake kamili, mpaka nikataka kulibusu. Halafu maelezo. Nikayasoma kwa sauti. Barua yako imepokelewa katika ziara. Ahsante kwa mapokezi. Jambo lako limepelekwa kwa wahusika. Endeleeni kufanya kazi kwa bidii kujenga nchi. Kwisha.

Nikasoma tena. Mistari ilikuwa saba. Hapakuwa na neno mfereji.

Halafu nikaona kitu kingine, na natamani kazi yangu ingekuwa kuuza nyanya nisikione. Jina la Babu halikukaa sawa na mstari. Lilikuwa chini kidogo, na jeusi kuliko maneno mengine, na kati ya Ndugu na jina palikuwa na nafasi kubwa, kisha baada ya jina nafasi nyingine. Mimi ninazo barua za namna hiyo kwenye kompyuta. Za kuomba ruhusa ya msiba, za kuomba nafasi ya shule. Nimeziandika mara moja, nikaacha nafasi. Mtu akija najaza jina tu.

Bosi wangu alikuwa ameinama bega kwa bega na mimi. Naye alikuwa ameona.

"Hii ya kusaiklostaili," akasema taratibu. "Sisi shuleni mitihani ilikuwa inatolewa hivi. Inatoka rundo."

"Labda alikuwa na barua nyingi za kujibu," nikasema.

"Ehe. Nchi nzima hiyo."

Sikumchukia mtu. Nilimuona tu mpiga chapa wangu kwenye kiti cha nyuma, rundo miguuni, anajaza jina la Babu, anatoa, anaweka jingine. Hakuwa na wakati hata wa kuangalia mto.

"Chini je?" nikauliza. "Koko anasema kuna mkono wake chini."

Tukavuta sehemu ya chini. Palikuwa na nafasi kama ya vidole vitatu chini ya mstari wa mwisho, na doa, na ndani ya doa vijistari viwili vya bluu, kimoja kimejikunja kama ndoano. Nikachezea mwanga mpaka picha ikawa nyeupe yote. Nikarudisha. Vijistari viwili.

"Hapa palikuwa na kalamu," bosi akasema. "Ila wino wa kalamu hauvumilii."

"Hauvumilii nini?"

Aliinusa ile karatasi, akaniangalia, akaiweka chini kwa uangalifu kuliko alivyoichukua. "Mwanangu, mlikuwa mnaiweka wapi?"

Nilikaa. Kupuliza kijiti ilikuwa kazi yangu.

Sijui palikuwa pameandikwa nini. Inawezekana mgeni aliandika kweli kuhusu maziwa na mfereji, mwinjilisti akasoma kilichokuwepo, na moshi wetu ukala neno baada ya neno, mwezi baada ya mwezi, sisi tunafurahi kwamba wadudu hawali. Inawezekana pia aliweka saini tu, na mwinjilisti, akiwa amesimama mbele ya watu waliomwangalia Babu kama bwana harusi, akashindwa kusoma mistari saba mikavu na kuishia hapo, akaongeza wake. Mimi ninayeandika barua za watu najua jinsi moyo unavyoongeza mstari.

Bosi wangu si mtu mbaya. Alifunga mlango nusu, akasema, "Hizo herufi za mashine za zamani ninazo kwenye kompyuta. Tunaweka mstari mmoja tu. Naprinti kwenye karatasi ya kahawia. Nani atajua?"

Niliuandika. Nakiri. Niliuandika ule mstari, maji ya mfereji ni ya waliouchimba na watoto wao, nikauangalia ulivyokaa vizuri. Lakini Koko alisema ni mkono wake, na mkono wake siujui ulivyokuwa. Ningebuni mpaka jinsi mtu alivyokunja herufi zake. Nikafuta. Sikujisikia mwema, nilijisikia kama nimefunga bomba.

* * *

Jumanne jioni nilimrudishia. Nilimwambia maneno ya mashine yote, kwa Kimaa, polepole. Kuhusu jina kukaa chini ya mstari sikumwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe uliishia darasa gani?"

"Form two, Koko."

"Mwinjilisti alisoma mpaka chuo cha Marangu," akasema. Akanipapasa kichwa ili nisijisikie vibaya. "Si kosa lako. Na chini?"

"Chini hapasomeki."

"Kwa nini?"

"Karatasi imezeeka tu."

"Mbona mimi nimezeeka na maneno yote ninayo?" Akacheka. Meno yake mawili ya mbele yalishang'oka, na akicheka huwezi kuacha kucheka naye. Nikacheka. "Basi hakuna shida," akasema. "Karatasi itakuwepo, na maneno nitayasema mimi."

Mkutano ulikuwa ofisi ya kijiji, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mtu wa maji alikuwa kijana, ana buti za mpira na tableti, mstaarabu kabisa. Alieleza vizuri. Korongo linapungua, watu wa chini wanaongezeka, kwenye mfereji wa udongo maji mengi yanazama njiani. Hakuna aliyebisha sana, maana wengi wa waliokaa pale wako chini ya tangi. Niliwaangalia nikaona wanaepuka kumtazama Koko, wanatazama mabuti.

Koko akasimama. Kiswahili anakijua, lakini mambo mazito huyasema kwa Kimaa, na akanivuta niwe mkalimani. Nikasimama pembeni yake, kama yule mwinjilisti, na nikajua palepale jinsi ilivyo. Watu wote wanakutazama mdomo.

Alisema kila kitu. Jembe, kibuyu, kiganja, bahasha, na mwisho wa barua. Mimi nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza.

"Shikamoo bibi," kijana akasema alipomaliza, kwa heshima kweli. "Naomba niione hiyo barua."

Koko akafungua kibuyu. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akasogea dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Dada, wewe umeisoma?"

"Nimeisoma. Nimeiskani."

"Haya maneno ya mfereji yapo?"

Mzee mmoja alikohoa. Nilijua nikisema yapo atataka kuyaona, na nikisema hayapo nimemfanya Koko mwongo.

"Kwenye ya mashine hayapo," nikasema. "Ya mkono yamefutika."

"Yamefutika?" Koko akageuka, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nani kafuta?"

"Uzee wa karatasi, Koko."

Na kijana, kwa nia njema kabisa, akaisogeza puani. "Hapana, huu ni moshi," akasema. "Ilikaa jikoni, eti bibi? Karatasi haitaki moshi. Wino wote umekwenda. Mngeiweka mahali pakavu tu, ingekuwepo mpaka leo."

Alimrudishia kwa mikono miwili. Koko akaipokea. Hakuirudisha kwenye kibuyu, aliishika tu. Akakaa kwenye benchi. Waliendelea na ajenda, na mfereji ukapangiwa wiki ya kufungwa, na hata kama barua ingesomeka siku ile nadhani ungefungwa vilevile, kwa sababu korongo lile kweli limepungua, nimeliona kwa macho. Lakini Koko hakuwa tena kwenye mambo ya mfereji.

Alhamisi iliyofuata baada ya kufungwa nilikuwa kwake nafunga mizigo. Alitoka asubuhi na jembe kama kawaida, maana ilikuwa zamu yake. Nikamfuata kwa mbali. Alitoa majani yaliyoangukia kwenye mfereji, akaondoa lile bonge la nyasi na mgomba mdomoni, akasimama kando kupisha maji. Udongo wa ndani ulikuwa umeshaanza kupasuka. Alisimama mpaka saa sita, halafu akaziba.

* * *

Lemara chumba cha mama kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Koko anapenda kukaa kitandani upande wa ukutani. Vibuyu vinne alimgawia jirani aliyenunua ng'ombe. Kimoja alikuja nacho, mama akakipigilia msumari.

Mwezi ulipoandama, mimi mjinga wa kuota nilipanda Olmotonyi siku yangu ya mapumziko nikakata vijiti vya oloirien, nikamletea kifurushi. Nilidhani harufu itamfurahisha. Alikichukua kijiti kimoja, akakinusa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyeifuta," akasema.

"Hapana, Koko."

"Babu yako aliniambia tuiweke kanisani, kwenye kabati la vyombo vya ushirika. Nikakataa. Nikamwambia wewe unajua nini kuhusu kutunza."

Nilikuwa na la kumwambia. Ningemwambia kwamba barua zilitoka rundo, kwamba jina la Babu lilipachikwa, kwamba pengine pale chini hapakuwa na kitu cha kufutika na mwinjilisti alijisemea. Angepona kosa lake palepale. Lakini angebaki bila mgeni. Bila jembe lililokumbukwa, bila maziwa yaliyokumbukwa, bila ule mwaka aliokuwa bibi harusi na mkuu wa nchi akajifuta kwa kiganja kama mtu. Nilijaribu kupima kipi kinauma zaidi. Mama alikuwa anachambua mchele sakafuni, akaacha kuchambua, ananitazama.

Sikumwambia. Nikainama kupuliza makaa.

Koko akawasha kijiti kwenye jiko la mkaa, akakifukiza kibuyu, akaagiza maziwa. Mama akaagiza pakiti dukani. Tukamimina, akatikisa, akaonja.

"Haya si maziwa," akasema, akampa mama amalizie.

Barua akanipa mimi. "Wewe ndiye mtu wa makaratasi. Iweke kwenye plastiki yenu isiharibike zaidi."

Nilimwambia sawa. Mashine yetu ya plastiki inafanya kazi kwa joto, inapitisha karatasi katikati ya roli za moto, na mimi siwezi kuipitisha barua humo. Nimeiweka chini ya meza, kwenye boksi la barua ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Koko akiuliza namwambia ipo kwenye plastiki. Mlango wa duka ukifungwa kwa sababu ya vumbi, wateja wanainua pua. "Dada, kuna kitu kinaungua humu?" Nainama chini ya meza, najifanya naangalia waya, halafu nawaambia hamna.